Kabla ya Kuomba Helikopta: Ngazi za Kazi Katika Polisi wa Jimbo la Pennsylvania

Askari wa kwanza wa jimbo niliyemtazama kwa makini hapa Marekani alikuwa amelala chali chini ya lori langu, amevaa ovaroli juu ya sare, mkono mmoja ukiwa na tochi na wa pili kipande cha chaki. Tulikuwa kwenye eneo la ukaguzi kando ya barabara kuu namba 81, asubuhi ya baridi kali. Alitia alama kwenye fimbo ya kila breki, akanitaka nishushe hewa mpaka mshale wa geji ukae kati ya 90 na 100, kisha nikanyage pedali na nisiiachie. Ndipo akapima kila fimbo imetoka kiasi gani, na mbili zikawa zimepita kikomo cha inchi 2. Lori la ekseli tano lina breki 10, na mbili zikiwa mbovu hiyo ni asilimia 20, kiwango ambacho kikifikiwa lori haliruhusiwi kusogea mpaka litengenezwe. Nilikaa pale kwa muda wa saa tano nikimsubiri fundi, nikiwa na hasira na kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikabaki namwangalia yule askari akiingia chini ya lori moja na kutoka chini ya jingine. Hakunitolea bunduki wala king'ora. Alikuwa na chaki, rula na fomu.

Nimemkumbuka kwa sababu ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye mwezi uliopita alikuja nyumbani, akaniamkia, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mjomba, nataka kuomba upolisi wa jimbo. Nataka kitengo cha helikopta, au cha mbwa." Alizungumza kama mtu anayechagua chakula hotelini. Mimi si askari, ni dereva, lakini kwa miaka mingi nimekaguliwa na watu hawa, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mzee aliyestaafu kutoka jeshi hilo hilo, ambaye mazungumzo yake ya jioni yamenifundisha zaidi ya vipeperushi vyote vya kuajiri. Haya ninayoandika ndiyo niliyomweleza kijana, na nimeyaandika kwa Kiswahili kwa sababu najua hapa Pennsylvania, kuanzia Lancaster mpaka Erie, ziko nyumba nyingi za Waswahili, wakiwemo ndugu zetu waliotoka Kongo, ambamo kijana wa miaka ishirini na kitu ana wazo kama lake na wazazi hawajui wamjibu nini.

La kwanza ni kuelewa polisi wa jimbo ni nani. Sisi tuliokulia Tanzania tunajua jeshi moja la polisi la nchi nzima, chini ya Inspekta Jenerali mmoja, na FFU wa kutuliza ghasia na trafiki wote ni wa jeshi hilo. Huku mambo yamegawanyika. Mji una polisi wake, wilaya ina sherifu wake, serikali ya shirikisho ina mashirika yake, na jimbo nalo lina jeshi lake. Hata hivyo kazi ya jeshi la jimbo si moja kila mahali, na kosa kubwa la vijana wengi ni kudhani kwamba sare zikifanana na kazi zinafanana. California na Minnesota, kwa mfano, ziliunda doria zao za barabara kuu mwaka 1929, na mpaka leo moyo wa kazi yao ni barabara. Minnesota, ambako ndugu zetu wa Afrika Mashariki ni wengi sana, upelelezi wa jinai wa ngazi ya jimbo uko katika ofisi nyingine kabisa, kwa hiyo askari wa doria anayeota kuwa mpelelezi wa mauaji itambidi siku moja abadilishe mwajiri. New York, ambayo jeshi lake lilianza mwaka 1917, ina wapelelezi wake wa jinai ndani ya jeshi hilo hilo. Ndiyo maana nilimwambia mpwa wangu achague jimbo kwanza, kitengo baadaye.

Pennsylvania ni ya aina ya pili, tena kwa kina. Jimbo hili lina serikali ndogo za mitaa zaidi ya 2,500, na zaidi ya nusu yake hazina polisi wao wenyewe wa muda wote. Masherifu wa hapa, tofauti na wa majimbo mengi, kazi yao kubwa ni ya mahakama: kulinda majaji, kusafirisha mahabusu, kupeleka hati. Matokeo yake ni kwamba mashamba, misitu na vijiji vyote hivyo vinamtegemea askari wa jimbo. Akipigiwa simu usiku, inaweza kuwa ng'ombe barabarani, mume anayempiga mkewe, mtoto aliyepotea au maiti. Askari wa doria wa kituo cha kijijini hujifunza katika mwaka mmoja mambo ambayo mwenzake wa barabara kuu peke yake huenda asiyaone kwa miaka kumi, na hilo lina maana kubwa kwa yeyote anayetafuta kitengo maalumu, kama nitakavyoeleza.

Historia yake si nzuri yote, na kijana mweusi anayetaka kuvaa sare hiyo anastahili kuijua. Mwaka 1902 wachimbaji wa makaa ya mawe wapatao 147,000 waligoma kuanzia Mei hadi Oktoba. Wakati huo kampuni za makaa na chuma zilikuwa na polisi wao wenyewe, walioajiriwa na tajiri na kupewa mamlaka ya serikali kwa ada ya dola 1 kwa kila mtu. Baada ya mgomo ule Gavana Samuel Pennypacker aliona serikali haiwezi kuendelea kukodisha mamlaka yake, na tarehe 2 Mei 1905 akatia saini sheria iliyounda jeshi la jimbo. John C. Groome ndiye aliyelianzisha, likiwa na watu 228 wa kupanda farasi waliogawanywa katika vikosi vinne. Wafanyakazi hawakuona tofauti haraka. Waliwaita Makosaki, kwa kuwafananisha na wapanda farasi wa mfalme wa Urusi. Askari wale waliishi kituoni kama wanajeshi, na mpaka leo, ingawa kila mtu analala kwake, vituo bado huitwa kambi. Kwa upande mwingine, jeshi hili ndilo lililotangulia nchini kuwaajiri wanawake kama askari kamili wa jimbo: 14 walihitimu Julai 1972.

Kuhusu kuingia nitasema kwa ufupi. Ni lazima mwombaji awe raia wa Marekani. Kadi ya ukaazi haitoshi hapa, ingawa baadhi ya majimbo yameanza kulegeza sharti hilo. Unaweza kuomba ukiwa na miaka 20, na siku ya kuingia chuoni uwe umefikisha 21 na hujafika 40. Zamani walitaka masomo ya chuo, lakini mwaka 2023, chini ya Gavana Josh Shapiro, sharti hilo liliondolewa, na cheti cha sekondari au kinacholingana nacho kikawa kinatosha. Kuna mtihani wa kuandika, mbio za maili moja na nusu pamoja na majaribio mengine ya mwili, kipimo cha kugundua uongo, na uchunguzi wa maisha yako ambao hauachi jirani wala deni. Halafu chuo cha Hershey, mji wa chokoleti, ambako kadeti hukaa bweni kwa takribani miezi sita. Mzee jirani yangu anasema harufu ya kakao ikivuma mpaka leo humfanya asimame wima.

Ukihitimu unaapishwa na kupewa cheo cha kwanza, ambacho kwa lugha yao ni trupa, na unapangiwa kituo. Hapo ndipo ndoto nyingi hupata baridi. Hupangiwi unakotaka, jeshi lina vikosi 16 vinavyotajwa kwa herufi, kimoja kikiwa ni T cha barabara ya kulipia ya Turnpike, na kijana wa Lancaster anaweza kujikuta karibu na mpaka wa New York, mbali na mama yake na mbali na msikiti au kanisa lenye watu wanaosema lugha yake. Kurudi karibu na nyumbani ni foleni ya miaka ya utumishi. Mwanzoni unakaa garini pembeni ya askari mkongwe anayekufundisha, kisha unaachiwa gari peke yako, mara nyingi kwa zamu ya usiku. Hakuna anayetoka Hershey na kwenda moja kwa moja kwenye helikopta. Kila mpelelezi, kila mpiga mbizi na kila mwenye mbwa alianzia kwenye doria.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lenyewe. Kazi hii ina ngazi mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya vyeo: trupa, koplo, sajini, luteni, kapteni, meja, luteni kanali, na juu kabisa kamishna mwenye cheo cha kanali, anayeteuliwa na gavana na kuthibitishwa na Seneti ya jimbo. Ngazi hii hupandwa kwa mitihani na usaili, na gharama yake nyingine ni uhamisho, kwa sababu nafasi ya ukoplo hufunguka inakofunguka. Ya pili ni ngazi ya ujuzi, ambayo haionekani mabegani. Sisi nyumbani tumezoea kuuliza, "Ana nyota ngapi?", na asiye na nyota tunamhesabu kama mtu aliyekwama. Huku nimejifunza kwamba askari mwenye utumishi wa miaka 22 asiye na hata alama moja ya koplo anaweza kuwa ndiye ambaye waendesha mashtaka wa wilaya tatu wanampigia simu kabla hawajafungua faili la ajali. Wako wanaokataa kwa makusudi kufanya mtihani wa ukoplo, kwa kuwa wakipanda cheo wataacha kitengo walichokihangaikia kwa miaka.

Vitengo vyenyewe navyo si vya namna moja. Vingine ni ajira kamili: marubani, washika mbwa, wapelelezi wa jinai, wachunguzi wa moto, wataalamu wa mabomu, wasimamizi wa kasino, wanaopiga picha na kuokota alama za vidole kwenye maeneo ya uhalifu. Vingine ni mzigo wa ziada juu ya kazi ya kila siku. Unabaki askari wa doria, lakini simu ikilia saa nane usiku unaondoka na begi lako. Ukisikia mtu anasema yuko kitengo fulani, muulize kwanza kama ni kazi yake au ni simu yake.

Ninachokipenda mimi kuliko vyote, pengine kwa sababu naishi barabarani, ni uchambuzi wa ajali. Askari hawa hufika pakiwa pamekwisha kutulia, majeruhi wamechukuliwa, na kilichobaki ni vioo na michirizi ya tairi kwenye lami. Wao huisoma. Kuna hesabu moja ambayo mzee jirani aliniandikia nyuma ya bahasha: zidisha 30 kwa urefu wa mchirizi wa breki kwa futi, zidisha tena kwa kipimo cha msuguano wa lami, kisha tafuta kipeuo cha pili. Mchirizi wa futi 120 kwenye lami kavu yenye msuguano wa 0.7 unatoa takribani maili 50 kwa saa. Mchirizi huo huo kwenye lami iliyolowa, tuseme 0.4, unatoa maili 38. Tofauti hiyo ya maili 12 inaweza kuamua kama dereva anarudi kwake au anakwenda jela, ndiyo maana askari hakisii msuguano. Huupima pale pale, kwenye lami ile ile. Na jibu linalopatikana ni kasi ya chini kabisa, kwa sababu gari lililogonga kitu mwisho wa mchirizi lilikuwa bado lina mwendo ambao breki hazikuumaliza. Siku hizi magari mengi yana kifaa kinachohifadhi kumbukumbu za sekunde 5 za kabla ya mgongano, kuanzia kasi hadi kama breki ilikanyagwa, lakini mzee anasisitiza kwamba mtu asiyeweza kusoma lami asiaminiwe kusoma kompyuta.

Mbwa aliowataka mpwa wangu ni habari nyingine. Ni kweli ni kazi ya heshima, na baadhi ya mbwa wa jeshi hili hupewa majina ya askari waliouawa kazini. Lakini mbwa hakai ofisini. Anaishi nyumbani kwa askari wake, anakula, anaumwa na kuzeeka hapo. Nilimkumbusha kijana kwamba bibi yake, ambaye ni mama yangu, anakaa nyumba hiyo hiyo, na tangu Tanga hajawahi kukubali mbwa avuke kizingiti. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Kitengo cha farasi kipo pia, na wengi hawakijui. Farasi wake hutolewa na raia kama zawadi. Kuhusu wapiga mbizi, wanaoingia katika mito kama Susquehanna kutafuta silaha na miili, niliambiwa tu kwamba maji huwa meusi kiasi kwamba wanafanya kazi kwa kupapasa. Sikutaka kusikia zaidi.

Kikosi cha dharura chenye silaha nzito ndicho vijana wanachokiona kwenye video. Wasichokiona ni kusubiri. Septemba 2014 mtu mmoja aliwavizia askari nje ya kambi ya Blooming Grove, akamuua koplo mmoja na kumjeruhi vibaya mwenzake, kisha akaingia msituni katika milima ya Pocono. Msako ulichukua siku 48. Usiku baada ya usiku watu waliofunzwa kuvunja milango walilala kwenye majani yaliyolowa wakisikiliza matawi, na mwishowe aliyemkamata alikuwa kikosi cha maofisa wa shirikisho, kwenye kiwanja cha ndege kilichoachwa. Anayetaka kikosi hicho ajiulize kama anaweza kulala kimya kwenye mvua bila kuona chochote, kisha kesho yake arudie.

Ukaguzi wa malori, nilikoanzia, hauna mvuto kwenye video yoyote, lakini una faida ambazo ningependa kijana azipime: ujuzi unaotambulika nchi nzima, kwa kuwa ukaguzi kamili wa lori hufuata hatua zile zile 37 jimbo lolote utakalokwenda, na zamu ambazo kwa kawaida ni za mchana. Wapo pia waliosomea kutambua dereva aliyelewa dawa badala ya pombe, kwa uchunguzi wa hatua 12 unaojumuisha mapigo ya moyo, shinikizo la damu na ukubwa wa mboni za macho katika chumba chenye giza. Ujuzi huo hauhitaji uhame kituo, nao hufungua milango mingine.

Kinachofungua milango mingi zaidi, na hapa mzee jirani hana mzaha, ni uandishi. Alisimamia usaili wa kuingia vitengo kwa miaka kadhaa, na ananiambia kwamba kabla hajamwona mwombaji alikuwa tayari amesoma ripoti zake za doria: ng'ombe, wizi wa baiskeli, ugomvi wa mpaka wa shamba. Askari aliyeandika vizuri kuhusu ng'ombe angeweza kuaminiwa na maiti. Ndiyo maana nasema zile zamu za usiku za kijijini si adhabu ya kupitisha tu. Ni hapo jina la mtu hutengenezwa, kwa wino, bila yeye kujua nani atakuja kusoma.

Lugha yetu? Inasaidia, lakini nilimwonya asiitegemee. Askari anayejua Kiswahili katika eneo lenye wakimbizi wa Kongo ataitwa mara kwa mara kutuliza, kueleza na kusikiliza, na hilo ni jema kwa mama aliyeamshwa na taa za bluu asizozielewa. Lakini kuitwa kutafsiri si cheo wala si kitengo, na kijana asipokuwa mwangalifu atakuta miaka imepita akiwa mdomo wa kazi za wengine. Ajenge ujuzi wake, lugha iwe nyongeza.

Dada yangu, kwa upande wake, aliuliza swali moja tu: atastaafu lini? Nikamwambia umri wa lazima wa kuondoka hapa ni miaka 60, New Jersey ni 55. Akahesabu kwa vidole, akasema basi kuna muda wa kupata wajukuu, akaenda jikoni.

Kijana hakukata tamaa, na sikutaka akate. Nilimpa zoezi: aende kwenye maegesho ya duka la jirani, asimame nusu saa, aniandikie ripoti ya kitu chochote atakachokiona. Alirudi na ukurasa mmoja kuhusu gari dogo lililogusa toroli. Mstari wa kwanza ulisema gari "lilikuja kwa kasi". Nikamuuliza kasi gani, kutoka upande gani, taa zilikuwa zimewashwa, toroli lilikuwa na mtu au tupu. Akashika kichwa. Jumapili alileta nyingine, kurasa mbili, na safari hii alikuwa amepima kwa hatua umbali kutoka mlangoni hadi kwenye toroli: hatua 31. Nimeipeleka kwa mzee jirani. Ameisoma yote, akachukua kalamu nyekundu, na bado hajairudisha.